Neno Lililomtia Hofu Bi Mwanamvua

Tarehe 30 Juni mwaka huu, 2025, Bi Mwanamvua Sufiani anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Mwambao Nguzo na Nyaya kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa mwaka 1996 akiwa karani wa redio na mkalimani. Anaondoka akiwa mkuu wa mawasiliano ya kazi za laini, na siku hizi hakuna fundi wa kampuni hii anayepanda nguzo kabla ya kusikia sauti yake, au sauti ya mtu aliyefundishwa naye.

Ukurasa huu wa jarida letu kwa kawaida humsifu anayeondoka kwa ushupavu. Mzee Ramadhan wa karakana alipostaafu tuliandika kwamba hakuwahi kutishwa na kitu, na yeye mwenyewe akacheka sana alipoyasoma. Kwa Bi Mwanamvua hatuwezi kuandika hivyo. Yeye ni mwoga. Amekuwa mwoga waziwazi, mbele ya wakubwa na wadogo, tangu masika ya mwaka 2008. Ametuomba tusimpambe, na ameturuhusu tueleze hofu hiyo ilitoka wapi.

Alizaliwa Bagamoyo mjini, katika familia ya watu wa biashara. Baba yake, Mzee Sufiani, aliuza vitambaa na nyuzi, na kwa kuwa maboksi ya bidhaa zake yalikuja na maandishi ya Kiingereza, alimtaka binti yake amsomee kila neno lililoandikwa kwenye maboksi hayo. Binti akasoma maboksi, akasoma shule, akawa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kwa miaka michache. Kampuni yetu ilipoanza kuajiri wahandisi wa kigeni, ikatafuta mtu wa kusimama kati yao na mafundi. Mhandisi alisema kwenye redio kol, Bi Mwanamvua alisikia, akatafsiri, na mkono wa fundi ukafanya. Kazi yote ilipita kinywani mwake.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya vicheko. Wakongwe watamkumbuka Injinia Dale, kijana wa Kikanada. Dale alisikia kila asubuhi mafundi wakimwamkia Bi Mwanamvua redioni, naye akiwajibu marahaba. Akadhani marahaba maana yake ni "ujumbe umefika". Akaanza kuitumia. Siku moja mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha Kerege, mzee wa heshima zake, alikuja kulalamika kwamba nguzo imewekwa katikati ya shamba lake la mihogo. Dale akamsikiliza kwa adabu zote, akitikisa kichwa, na kila mzee alipopumua, yeye akasema, "Marahaba. Marahaba."

Mzee akamgeukia Bi Mwanamvua. "Hivi huyu kijana, nimemwamkia saa ngapi mimi?"

Bi Mwanamvua alihitaji muda kuituliza hasira ile. Nguzo ilihamishwa.

Dale ndiye aliyetuzoesha neno lile la hofu. Katika Kiingereza chake, "presently" ilikuwa sasa. Gari liko Kerege "presently", basi liko Kerege wakati huu huu. Kreni ni mbovu "presently", basi ni mbovu sasa. Bi Mwanamvua aliitafsiri hivyo kwa miaka mitatu na hakukosea hata mara moja. Mkataba wa Dale ukaisha, akarudi kwao, na nafasi yake ikachukuliwa na Mwingereza wa makamo aliyeitwa Whitlock. Alikuwa mtu mpole, asiyepaza sauti, aliyemwita kila mtu "mpenzi" hata madereva.

Aprili ile ya 2008 tulikuwa Mapinga, tukibadilisha vikombe vya kuzuia umeme usiingie kwenye nguzo kwenye laini ya msongo wa kilovoti 33. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na ardhi ilikuwa tope. Whitlock alikuwa kwenye kituo cha kupozea umeme, ambako laini ingezimwa. Sisi tulikuwa barabarani, Bi Mwanamvua na redio yake pamoja nasi. Msimamizi wetu alikuwa Maulidi, fundi wa siku nyingi asiyejua Kiingereza. Aliyevaa mkanda wa kupanda ni Shuaibu, kijana wa Dunda, mtoto wa Bi Chausiku anayeuza vitumbua karibu na soko. Mimi ninayeandika haya nilikuwa nimeshika kamba ya kupandishia vifaa. Ncha yake nyingine ilifungwa kwenye mkanda wa Shuaibu.

Kanuni ilikuwa kupima kwanza. Fimbo ya kupimia umeme, hata hivyo, ilibaki kwenye gari la Whitlock, na kwenda kuifuata kungetula nusu ya asubuhi. Tulikuwa tumezoea. Sauti ya Bi Mwanamvua tuliiamini kuliko fimbo.

Redio ikakoroma. Whitlock akasema kwa Kiingereza maneno mafupi, kama watu wa redio wanavyosema: laini, kuzimwa, na mwishoni akaongeza "presently".

"Anasemaje?" akauliza Maulidi.

"Anasema laini imezimwa sasa."

"Haya, Shuaibu. Bismillahi."

Shuaibu akapanda. Alikuwa mwepesi, na viatu vyake vya chuma viliuma mti wa nguzo hatua baada ya hatua. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mashine ya kusaga, na akina mama wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi. Ile mashine ilikuwa inanguruma tangu tulipofika. Sisi hatukuisikia tena, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani nyumbani kwake.

Bi Mwanamvua aliisikia.

Nilimwona akigeuza shingo kuelekea kibandani. Uso wake ulibadilika rangi kabla sijaelewa kwa nini. Ametueleza baadaye kwamba wazo la kwanza lilikuwa la kujifariji: labda wana jenereta. La pili lilikuwa kwamba hakuna moshi wala harufu ya dizeli. Akaibana redio mdomoni.

"Injinia Whitlock, laini imezimwa au haijazimwa?"

Jibu lilikuja taratibu, kwa sauti ya mtu anayesubiri chai. "Presently, mpenzi. Presently. Namngoja tu huyu bwana mwenye ufunguo."

Alipaza sauti, "Shuaibu! Usiguse! Shuka!" Mashine ya kusaga ikaimeza sauti yake. Maulidi naye akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, na kule juu Shuaibu akatutazama, akatabasamu, akanyoosha kidole gumba kutuonyesha kwamba mambo yanakwenda vizuri. Alikuwa ameshajifunga mkanda kwenye nguzo. Akageuka, akaanza kunyoosha mkono.

Bi Mwanamvua alininyang'anya kamba. Sijui nguvu zile zilitoka wapi. Viganja vyangu vilichubuka. Aliishika kwa mikono miwili, akajitupa chini kwenye tope kwa uzito wake wote.

Shuaibu aling'oka miguu. Alishuka kwa kishindo urefu wa mtu mmoja hivi, akapiga bega kwenye nguzo, akabaki ananing'inia kwenye mkanda wake kama nguo iliyoanikwa. Alimtukana aliyemvuta, na hakujua ni nani. Akina mama wa foleni wakapiga yowe.

Kisha mashine ya kusaga ikanyamaza.

Haikuzimwa na mtu. Mwenye mashine alitoka nje, unga umemjaa kwenye nyusi, akatazama waya juu, akasema kwa hasira kidogo, "Aa, wamekata umeme." Ndipo sote tukageuka, mmoja baada ya mwingine, tukautazama ule waya. Hadi dakika ile ulikuwa hai. Maulidi alichuchumaa akajishika kichwa. Bi Mwanamvua alikuwa bado amelala kwenye tope, kamba mikononi, na hakutaka kuiachia. Tulimfungua vidole kimoja kimoja.

Whitlock alifika akiwa na fimbo ya kupimia. Tulipomweleza, mwanzoni hakuelewa. Alishikilia kwamba alisema kweli: alisema laini itazimwa punde. Bi Mwanamvua naye alimjibu kwamba yeye alisikia kweli: alisikia imezimwa sasa. Walisimama wanatazamana, wote wawili wakiwa wakweli, na hapo ndipo Whitlock alipokaa kwenye bampa la gari, akavua miwani yake.

"Kwani hilo neno lina maana ngapi?" akauliza Maulidi.



Bi Mwanamvua hakuja kazini kesho yake, wala wiki iliyofuata. Nyumbani kwake Dunda hakutaka kuzungumza Kiingereza hata alipofuatwa na watoto wa jirani na madaftari yao. Mumewe, Bwana Mahmoud, alituambia kwamba hata Kiswahili kilianza kumtisha. Akiulizwa chakula kitakuwa tayari lini, anakwenda jikoni, anafunua sufuria, ndipo anajibu. Akiambiwa "nakuja sasa hivi", anauliza, "Sasa hivi ipi?" Usiku alikuwa akikurupuka anavuta shuka kwa mikono miwili. Aliandika barua ya kuacha kazi, akaipeleka mwenyewe ofisini, na meneja akaikunja akaiweka mfukoni bila kuisaini.

Aliyekwenda kumrudisha ni Shuaibu. Bega lilikuwa limeteguka na mkono umefungwa shingoni. Alifuatana na mama yake, na mimi nikawasindikiza.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba, baba. Bega vipi?"

"Linauma. Ulinivunja kweli."

"Nilikupandisha mimi, Shuaibu. Kwa mdomo wangu huu."

"Na ukaniteremsha wewe."

Bi Mwanamvua alianza kulia. Bi Chausiku alisogea akakaa naye kwenye mkeka mmoja.

"Mwenzangu," akasema, "mimi huyu ninaye mmoja. Nimemkataza kurudi kwenye nguzo, hasikii. Sasa niambie. Akirudi, nani atakayemwambia panda? Watamleta mtu mwingine, mwenye Kiingereza kizuri, asiyejua kuogopa. Wewe unajua. Mimi nataka aliyeogopa."

"Siwezi. Nikifungua mdomo naiona mashine ile."

"Basi ione. Ione kila siku. Na mwanangu umwone."

Tuliondoka tukidhani tumeshindwa. Jumatatu alikuja, amevaa baibui lake jeusi, akapita moja kwa moja mpaka ofisini kwa Whitlock. Akavuta kiti.

"Nataka kujua neno hili limefanywa nini," akamwambia.

Walikaa siku kadhaa, yule Mwingereza na kamusi zake kubwa za nyumbani kwao alizoomba atumiwe, na Bi Mwanamvua na maswali yake. Alichokipata amekieleza kwa kila kundi la mafundi wapya tangu wakati ule, nasi tunakiandika hapa kama anavyokieleza yeye.

Zamani sana, karne nyingi zilizopita, Waingereza waliposema "presently" walimaanisha papo hapo. Bwana akiagiza kitu kifanywe "presently", kilitakiwa kifanywe kabla hajafumba mdomo. Lakini watu ni watu. Anayeagizwa huitikia neno la haraka, kisha humaliza kwanza alichokuwa anakifanya. Akiitikia hivyo leo, kesho, na mwanawe baada yake, neno huanza kulegea. Baada ya miaka mingi "presently" ikawa punde, baadaye kidogo, subiri. Hiyo ndiyo aliyolelewa nayo Whitlock. Lakini kwingine, Uskochi, na baadaye Marekani na Kanada, neno lile lile likashikilia maana ya wakati uliopo, au likairudia. Hiyo ndiyo ya Dale. Wala si neno hilo peke yake. Whitlock alimwonyesha kwamba hata "soon", ambayo kila mtoto wa darasa la tano anajua ni karibuni, hapo kale ilikuwa mara moja, bila kuchelewa.

Bi Mwanamvua anasema aliposikia hivyo hakufarijika hata kidogo. Alikuwa amekuja kutafuta kosa, ili lijulikane ni la nani, lirekebishwe, liishe. Akakuta hakuna aliyekosea. Neno lilikuwa limetembea lenyewe kwa mamia ya miaka, likagawanyika njia mbili, na njia zote mbili zikakutana juu ya kichwa cha Shuaibu pale Mapinga. Ni hilo lililomtia hofu isiyoondoka. Mtu unaweza kumfundisha, unaweza kumwonya, hata kumfukuza kazi. Neno utalifanya nini?

Na kibaya zaidi, alipogeuka kutazama lugha yetu wenyewe aliyakuta yale yale. Akawa anasimama dirishani ofisini akisikiliza watu wakiongea kwenye simu. "Niko njiani, nafika sasa hivi," na anayesema bado hajavaa viatu. "Nakuja mara moja," na hakuja. Siku ya harusi ya binti wa Maulidi alimpigia simu mpishi wa pilau, akaambiwa linafika sasa hivi. Akauliza sufuria liko juu ya moto au liko garini. Akauliza mchele umeoshwa. Mpishi akakata simu. Wageni walicheka alipotusimulia. Yeye hakucheka. Alisema, "Leo ni pilau."

Ndipo akaandika kanuni ambayo sote tunaifanyia kazi. Redioni hakuna sasa, hakuna sasa hivi, hakuna punde wala karibuni, kwa lugha yoyote. Kinasemwa tu kilichokwisha kufanyika, na aliyekifanya: nimezima, nimepima, nimefunga waya wa ardhi. Anayesikia anarudia, anayesema anathibitisha. Na hakuna anayepanda kwa neno la mtu yeyote, awe mhandisi au Bi Mwanamvua mwenyewe, kabla fimbo haijagusa waya mbele ya macho ya anayepanda. Whitlock alikuwa wa kwanza kuisaini. Wakati wa kuaga miaka miwili baadaye, alimshika mkono akamwambia kwamba yeye bado hulitumia lile neno nyumbani kwa mkewe, lakini kila akilitamka hujisahihisha papo hapo.

Wapo waliomcheka. Vijana wa kundi la Vigwaza walimwita Bi Rudia. Kandarasi moja tulichelewa kwa sababu alikataa kuruhusu mtu apande, kisa aliyekuwa kwenye swichi alijibu "tayari" badala ya kusema alichofanya. Meneja alipiga meza. Bi Mwanamvua alimwogopa meneja kama sisi wengine, lakini alisema hapana. Ilikuja kuonekana kwamba yule bwana alikuwa tayari kweli, na kila kitu kilikuwa salama. Tulicheleweshwa bure. Tunaliandika hili kwa kuwa yeye mwenyewe amesisitiza: mara nyingi sana hofu yake haikuokoa mtu yeyote, ilichosha watu tu. Aliichagua hivyo hivyo.

Tangu siku ile ya Mapinga, kampuni haijampoteza fundi hata mmoja kwa umeme. Shuaibu leo ni msimamizi wa kundi, ana nywele za mvi mbili tatu na bega linalomsumbua wakati wa mvua, na bado Bi Chausiku humpelekea Bi Mwanamvua vitumbua kila Ijumaa bila kukubali kulipwa.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho. Kazi ilikuwa karibu na Zinga, na anayechukua nafasi yake, Bi Hija, ndiye aliyeshika redio. Bi Mwanamvua alisimama pembeni, mikono nyuma. Bi Hija alisikiliza, akarudia, akasubiri, fimbo ikapandishwa, kila mtu akaona. Kisha akasema, "Panda." Tulimtazama mama yetu tukitarajia tabasamu la mtu aliyetua mzigo. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka shingoni, midomo inasoma dua. Alibaki hivyo mpaka fundi wa mwisho alipokanyaga ardhi. Bi Hija alimwendea, akamshika mkono, akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Nilidhani hofu ni ya yule anayesema. Kumbe anayenyamaza anaogopa zaidi."

Bi Mwanamvua, kampuni nzima, kuanzia karakana hadi ofisi ya meneja, inakushukuru kwa kila "panda" na hasa kwa kila "usipande". Wake wa mafundi na mama zao wanakushukuru pia, na wengine wametuomba tuandike majina yao, lakini ukurasa umejaa. Nenda kapumzike na Bwana Mahmoud. Sisi tutaendelea kuogopa kwa niaba yako. Mwenyezi Mungu akujalie afya, na usiku usio na kukurupuka.